Moto wa Paris na makanisa ya mlimani: tunachokisoma vibaya

Tangu Kanisa Kuu la Notre-Dame mjini Paris lifunguliwe tena Desemba 2024, miaka mitano na nusu baada ya kuungua, jina lake halikosi kutajwa huku kwetu Moshi kila inapozuka habari ya kanisa la zamani la misheni. Anayetaka kanisa libaki husema: tazameni wenzetu, wamelirudisha vile vile lilivyokuwa. Anayetaka libomolewe lijengwe kubwa hujibu kwamba wenzetu wana hela, sisi tuna michango ya Desemba tu, na isitoshe hata wao sasa wanang'oa madirisha ya zamani waweke mapya. Nimezisikia hoja zote mbili katika kikao kimoja cha kamati ya ujenzi, zikitolewa na watu wazima wenye nia njema, na naona zote mbili zinaisoma Paris vibaya. Kabla ya fedha, na kabla ya mapenzi ya mambo ya kale, kilichoiwezesha Notre-Dame kurudi ni vipimo vilivyochukuliwa jengo likiwa bado zima. Sisi wa mlima Kilimanjaro, kuanzia Machame hadi Kilema, tunabishana tubomoe au tutunze, na swali la kama vipimo hivyo vipo huwa hata halijaulizwa.

Tuanze na moto wenyewe. Jioni ya tarehe 15 Aprili 2019 king'ora kililia, lakini mlinzi akaelekezwa kwenye dari lisilo lenyewe, na karibu nusu saa ikapotea kabla ya kugundulika kwamba moto uko juu ya kanisa kuu. Kenchi za mwaloni zilizobeba paa, nyingi zikiwa za karne ya 12 na ya 13, zilikuwa nyingi na zimesongamana kiasi kwamba Wafaransa waliliita dari lile "msitu". Ziliteketea karibu zote. Mnara mwembamba wa katikati ulianguka na kutoboa dari la matao ya mawe, lakini kuta, minara miwili ya mbele na sehemu kubwa ya matao hayo vikasimama. Dunia nzima ilitangaziwa kwamba kanisa la zaidi ya miaka 800 limeungua, na ilikuwa kweli. Lakini ule mnara ambao kila kamera iliuonyesha ukianguka haukuwa wa enzi hizo hata kidogo. Ulijengwa mwaka 1859 na msanifu Viollet-le-Duc, kwa sababu wa kwanza uliondolewa mwishoni mwa karne ya 18 ulipochakaa. Kwa hiyo mtu anaposema jengo limerudishwa "lilivyokuwa", haki yetu ni kumuuliza: lilivyokuwa mwaka gani? Kanisa kubwa huwa na umri zaidi ya mmoja. Kila kizazi kimeongeza, kimepunguza, kimetoboa dirisha, kimehamisha altare, na mara nyingi sehemu ipendwayo kuliko zote ndiyo changa kuliko zote.

Wala uamuzi wa kurudisha umbo lile haukuwa wa moja kwa moja. Siku chache baada ya moto, Waziri Mkuu wa wakati huo, Édouard Philippe, alitangaza shindano la kimataifa la kubuni mnara mpya. Wasanifu wakamwaga michoro: paa la kioo, bustani juu ya kanisa, miale ya taa. Mabishano yakachukua zaidi ya mwaka, na ilikuwa Julai 2020 ndipo ilipokubaliwa kwamba paa na mnara virudi kwa umbo la mwisho lililojulikana, kwa mwaloni na madini ya risasi. Hapa ndipo ninapotaka msomaji wa Moshi asimame kidogo. Uamuzi ule uliwezekana kutekelezwa kwa sababu wasanifu wawili, Rémi Fromont na Cédric Trentesaux, walikuwa wamepanda darini miaka michache kabla ya moto na kuipima kenchi moja baada ya nyingine, boriti kwa boriti, kiungo kwa kiungo. Naye Andrew Tallon, mwanahistoria Mmarekani wa usanifu, alikuwa amelipima kanisa kwa leza na kuacha kumbukumbu ya zaidi ya vipimo bilioni moja. Tallon alifariki Novemba 2018, miezi mitano kabla ya moto. Hakuna kati yao aliyefanya kazi ile akitarajia kanisa liungue. Walipima kwa sababu vipimo kamili havikuwapo.

Seremala aliyepewa kazi ya kurudisha paa la Notre-Dame, basi, hakuambiwa atumie mawazo yake. Alipewa karatasi inayosema boriti hii ina upana gani hapa na gani pale, inapinda upande gani, na inaingia kwenye mwenzake kwa ulimi wa namna gani. Ndiyo maana waliweza hata kuchonga miti mibichi kwa shoka, shoka zenyewe zikiwa zimefuliwa maalumu Alsace kwa mfano wa zile za kale. Na bado hawakulirudisha dari kama lilivyokuwa kwa ukaidi. Wameweka mfumo wa kunyunyiza ukungu wa maji na vizuizi vinavyoligawa dari ili moto ukianza upande mmoja usipite kwenda mwingine. Umbo ni la kale, lakini ulinzi ni wa leo. Anayetutajia Paris kama mfano wa kutobadilisha kitu hajaingia darini.

Tena, huko huko Ufaransa yapo makanisa yaliyoungua ambayo waliamua vingine kabisa. Kanisa Kuu la Chartres lilipoteza paa lake la mbao mwaka 1836, wakaweka kenchi za chuma na kulifunika kwa shaba, na hadi leo mahujaji wanaoingia mle hawajui kwamba juu yao kuna chuma. Reims lilipigwa kwa mizinga Septemba 1914 likaungua, na msanifu Henri Deneux akaunda kenchi kwa vipande vya zege lenye nondo vilivyounganishwa kama mbao. Kanisa likafunguliwa tena mwaka 1938. Nantes ndilo linalonigusa zaidi. Paa lake la mbao liliungua mwaka 1972, likajengwa jipya la zege, na wako waliolalamika kwamba roho ya jengo imepotea. Julai 2020 moto ukawashwa tena ndani ya kanisa lile lile, kwa makusudi. Kinanda kikubwa cha karne ya 17 kiliteketea, na ni hasara isiyofidika, lakini paa lilisimama kwa kuwa halikuwa na mbao za kuungua. Nayaleta haya ili yule anayependa majengo ya kale, nami ni mmoja wao, asiache kuisikia hoja ya zege. Hoja hiyo ina nguvu. Naiona kuwa bora kwa paa kuliko kwa kuta.

Mfano ulio karibu nasi kuliko Paris, hata hivyo, uko Dresden, Ujerumani. Wainjilisti wa Kilutheri waliofika Machame mwaka 1893, Mamba mwaka 1894 na Old Moshi mwaka 1896 walitumwa na Misheni ya Leipzig, na misheni hiyo ilianzishwa Dresden mwaka 1836 kabla ya kuhamia Leipzig mwaka 1848. Kwa hiyo Frauenkirche, kanisa la Kilutheri lenye kuba la mawe lililobuniwa na George Bähr na kujengwa kati ya 1726 na 1743, ni kanisa la mji ulioizaa misheni iliyotuletea Ulutheri huku mlimani. Usiku wa tarehe 13 Februari 1945 Dresden ililipuliwa kwa mabomu. Kanisa halikuanguka kwa bomu. Lilidhoofishwa na joto la mji uliokuwa ukiwaka, likaporomoka tarehe 15 asubuhi. Kifusi kikaachwa pale karibu miaka 50. Kazi ya kulijenga upya ilipoanza miaka ya 1990, mawe yalitolewa moja moja na kuandikiwa yalikoangukia, kwa sababu mahali jiwe lilipoangukia panasaidia kujua lilikuwa juu wapi. Leo ukiutazama ukuta unaona mawe meusi yaliyonusurika yakiwa katikati ya mapya meupe, kila moja mahali pake pa zamani palipoweza kutambuliwa. Liliwekwa wakfu tarehe 30 Oktoba 2005.

Lakini kuna jambo moja la Dresden ambalo kila kamati ya ujenzi mlimani inapaswa kulijua. Walipofika kwenye milango ya mwaloni, mafundi walikwama. Maelezo ya michongo yalikuwa machache na ya juujuu. Wakawatangazia watu: mwenye picha ya zamani aliyopiga mbele ya kanisa ailete. Watu wakaleta, wengine albamu nzima za harusi, kwa maana bwana na bibi harusi wengi walisimama mbele ya milango ile wapigwe picha. Nyuma ya shela na makoti ya maharusi ndiko michongo ilikopatikana, na milango ikachongwa upya. Sasa fikiria nyumba za Wachaga kuanzia Rombo hadi Siha. Ni ukuta gani wa sebuleni usio na picha ya harusi iliyopigwa kwenye ngazi za kanisa? Picha ya ubatizo, ya kipaimara, ya jubilei ya padri, ya mazishi ya babu, na nyuma yao mlango, dirisha, kipande cha mnara, herufi za mwaka zilizochongwa juu ya lenta. Hiyo ni hazina ya vipimo iliyotawanyika kwenye makabati yetu, na kila mzee anapofariki albamu zake huchomwa au hugawanywa bila mtu kuandika nani, wapi, lini.

Nimesema tunabishana kuhusu majengo. Majengo hayo ni yapi? Mapadri wa Roho Mtakatifu waliweka misheni Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890 na Kibosho mwaka 1893, Walutheri wakafuata njia yao niliyoitaja. Mji wa Moshi wenyewe ulifuata baadaye, reli ya kutoka Tanga ilipofika mwaka 1911 na makao yakashuka kutoka Old Moshi hadi tambarare. Ndiyo maana makanisa makongwe ya Kilimanjaro yako kwenye migomba na kahawa, na ya mjini ni wadogo zao. Na kisheria yako wazi bila kinga. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya zamani sana, na mpaka wake wa miaka umetangulia kuja kwa misheni hizi zote. Jengo la baada ya hapo hulindwa pale tu linapotangazwa rasmi. Kwa hiyo kanisa la miaka 120 mlimani linalindwa na waumini wake. Wakiamua Jumapili kwamba libomolewe, Jumatatu katapila laweza kuingia.

Wanaotaka kubomoa wana hoja nzito, na ni dhuluma kuwaita wasiojali. Kanisa lililojengwa kwa watu mia chache leo lina ibada tatu, na bado watoto wanakaa nje chini ya turubai. Paa linavuja. Bati la zamani likitobolewa na kutu, mvua ya masika inashuka hadi kwenye kenchi, na mbao ikishaoza haina historia ya kuiokoa. Mchungaji au paroko ana wajibu kwa watu waliopo kabla ya wajibu kwa mawe. Nakubaliana na yote haya, na nakubali kwamba pengine jibu sahihi ni kubomoa. Ninachokataa ni kubomoa kwa kubahatisha. Mahali penye kiwanja, kanisa jipya linaweza kusimama kando na la zamani likawa la ibada za siku za kawaida, mafundisho ya watoto au kwaya. Mahali pasipo na kiwanja, ukuta mmoja unaweza kufunguliwa na jengo likapanuliwa. Lakini mambo haya yote yanahitaji mtu ajue ukuta una unene gani, msingi umeshuka kina gani, na kenchi inasukuma wapi. Bila vipimo, fundi yeyote mwenye hofu atakwambia bomoa, kwa sababu kwake ndiyo njia salama.

Hoja iliyo dhaifu kuliko zote ni ile isemwayo kwa sauti kubwa kuliko zote: wenzetu wana hela. Ni kweli Notre-Dame ilichangiwa zaidi ya euro milioni 800, na hakuna usharika duniani wa kulinganisha. Lakini fedha hizo zilikuja baada ya moto. Kazi ya wale waliopanda darini mapema haikuhitaji hata chembe ya kiasi hicho. Kupima kanisa la kijijini kunahitaji futi kamba ndefu, ngazi imara, simu yenye kamera nzuri, siku kadhaa, na vijana wenye kujua kuchora. Vijana hao wapo: Chuo cha Ufundi Arusha kipo mwendo wa basi, na Chuo Kikuu cha Ardhi kina wanafunzi wa usanifu majengo ambao ni watoto wa vijiji hivi hivi. Bei ya mageti mapya ya kanisa inatosha na kubaki. Wengine husema haya ni majengo ya wakoloni, yaende. Nawajibu kwa heshima: aliyechora alitoka Ulaya, lakini mawe ya volkano yalichukuliwa hapa, yakabebwa na kuchongwa na watu wa hapa. Ukibomoa bila kumbukumbu, anayefutika wa kwanza ni yule fundi mwashi wa mlimani, kwa kuwa jina la mmisionari limeshaandikwa kwenye vitabu vya Ujerumani na Ufaransa na halitapotea.

Na yale madirisha ya Notre-Dame? Yanayozungumzwa ni madirisha ya vikanisa sita vya upande wa kusini, yaliyowekwa wakati wa Viollet-le-Duc. Rais Macron aliunga mkono yabadilishwe kwa kazi ya msanii wa leo. Tume ya taifa ya urithi na usanifu ikapinga kwa kauli moja Julai 2024, na hata hivyo Desemba mwaka huo akachaguliwa mchoraji Claire Tabouret kuchora Pentekoste. Ugomvi ni mkali kwa sababu moto haukuyagusa madirisha hayo. Yalinusurika. Naona tume ilikuwa na haki: kuziba pengo lililoachwa na moto ni jambo moja, kufungua pengo ambalo moto haukulifungua ni jambo lingine. Lakini hata ukiwa upande wa rais, mfano huu hauwezi kuhalalisha tunayoyafanya huku. Vioo vile vinajulikana kipande kwa kipande, na vikitolewa vinahifadhiwa. Kwetu dirisha la zamani likitolewa ili kuweka la alumini, vioo huishia nyuma ya nyumba ya mapadri au kwenye banda la kuku.

Kuhusu moto wenyewe, tusijidanganye kwamba ni habari ya Ulaya. Uchunguzi wa Paris ulitaja hitilafu ya umeme kama mojawapo ya vyanzo vinavyowezekana, na umeme ndio unaonitia hofu huku. Niliwahi kupanda darini mwa kanisa moja la zamani pamoja na fundi umeme. Kenchi zilikuwa nzito, zimeshikwa kwa vigingi vya mbao, na bado zilionyesha alama za randa. Juu ya boriti kubwa ulilazwa waya wa spika, umeungwa mara mbili kwa solotepu iliyokwisha kukauka, na pembeni yake ukapita waya wa feni, na wa taa za Krismasi ambazo hazikuwahi kushushwa. Chini ya nyaya hizo palikuwa na tabaka la vumbi na kinyesi cha popo. Fundi alizima swichi kuu papo hapo bila kumwomba mtu ruhusa. Jengo lile liliwekewa umeme wa taa chache. Leo linabeba mikisa, spika, projekta na kamera za kurusha ibada, na kila kifaa kimekuja na waya wake kwa wakati wake.

Likitokea la kutokea, haraka yetu ndiyo itakayomalizia kilichobakizwa na moto. Paris walichukua miezi mingi kupima mawe kabla ya kuamua yapi yabaki. Jiwe la chokaa likifika nyuzi 300 hadi 400 hubadilika rangi likawa jekundu, na likifika 800 huwa unga wa chokaa usiobeba kitu. Rangi ikawasaidia kujua kila sehemu ilipata joto gani. Mawe yetu ni ya aina nyingine na yatahitaji vipimo vyake, lakini utaratibu ni huo huo: kuta zifunikwe zisinyeshewe, zishikiliwe kwa nguzo, zipimwe, ndipo kamati ikae. Huku huwa tunaanza na harambee, tunafuata na ramani ya kanisa jipya iliyonakiliwa kutoka mji mwingine, na ukuta uliosimama tunauita kifusi.

Desemba watu wanapanda mlimani kutoka Dar es Salaam, Arusha na Mwanza, na bahasha za michango zinatembea. Ombi langu kwa mabaraza ya wazee na halmashauri za walei ni kwamba kabla ya kuanza hesabu ya bati la msauzi na vigae, watenge fungu la upimaji: ramani ya sakafu, michoro ya kuta zote nne, kenchi moja moja, picha ya kila mlango na dirisha ikiwa na rula kando. Kila familia iombwe kuleta picha za harusi zinakiliwe kwa simu na kurudishwa siku hiyo hiyo, zikiwa zimeandikwa mwaka na majina. Fundi umeme mwenye leseni aangalie dari, na waya usiotumika ushushwe. Nakala za michoro zisikae ofisi ya parokia peke yake, maana ofisi hiyo mara nyingi iko mita chache kutoka kanisani na paa lake linashika moto ule ule. Moja iende jimboni au dayosisini, nyingine chuoni, nyingine kwa kijana wa kijiji anayeishi mbali. Kisha waendelee kubishana kuhusu kubomoa.